Hata Yesu Aliandikiwa Tarehe

Ninyi ndugu wa mashirika mnaotusoma kimya kimya bila kuacha hata neno moja, tunawaona, karibuni.

Mabishano ya wiki iliyopita mliyafuata wenyewe. Yalianza kwa jambo dogo. Tulikuwa tunapanga mchango wa Noeli, kila mtu faranga elfu moja, mwenye nguvu elfu mbili, tununue mchele, maharagwe, sambaza na mafuta, tupike pamoja na kwenda kula karibu na ziwa. Mara ndugu mmoja akaweka video. Dakika kumi na nne! Mzee fulani wa suti anaeleza kwamba 25 Desemba ni tarehe ya uongo, ni siku ya mungu wa jua wa Waroma, na Mkristo anayekula wali siku hiyo anaabudu jua bila kujua. Ndugu yetu akaandika chini yake: "Mimi sichangii. Siwezi kuchangia tarehe ya uongo."

Watu wakawaka. Mmoja akamwita mpinga Kristo, mwingine akasema afadhali, mchele utatosha. Admini akafunga kikundi mpaka asubuhi.

Mimi sikujibu usiku ule. Nilikuwa natafuta kadi ya simu kwenye pochi, nikakuta karatasi yangu ya ukimbizi. Imeandikwa kwamba nimezaliwa tarehe 1 Januari 2005. Nikacheka peke yangu mpaka mdogo wangu akaamka. Maana kama tarehe ya uongo inamfanya mwenye nayo kuwa wa uongo, basi zaidi ya nusu ya kikundi hiki ni watu wa uongo. Tuko 31. Mwaka jana tarehe 1 Januari tulipiga hesabu ya "heri ya kuzaliwa": watu 17. Kumi na saba! Utadhani ni hospitali kubwa.

Wenzetu wa mashirika wanajua siri hiyo, lakini wako vijana waliofika juzi ambao hawajui, kwa hiyo nieleze. Ukivuka mpaka, unafika mbele ya karani mwenye kompyuta. Anauliza jina, kijiji, wazazi, kisha tarehe ya kuzaliwa. Mama anajibu kwa namna ya kwetu. Lakini kompyuta haina nafasi ya jibu la mama, inataka siku, mwezi na mwaka. Basi mtu asiyejua siku wala mwezi anaandikiwa tarehe 1 Januari ya mwaka unaokadiriwa. Siyo mambo ya Rwanda peke yake. Waafghani na Wasomali waliofika Ulaya na Marekani wanaujua utaratibu huo vizuri sana, wanafanyiana utani kila mwaka mpya kama sisi.

Sasa turudi kwa Yesu.

Ndugu yetu wa video, kwa upande mmoja una haki kabisa, na mimi sitaki kukubishia mahali ulipo na haki. Biblia haitaji tarehe ya kuzaliwa kwa Yesu. Marko na Yohana hawasimulii kuzaliwa kwake kabisa. Mathayo anasema tu ilikuwa siku za mfalme Herode. Luka ndiye anayejitahidi, na angalieni anavyojitahidi: anasema ni wakati wa Kaisari Augusto, wakati watu walipokuwa wanahesabiwa, Kirenio akiwa liwali wa Shamu. Hakuna siku wala mwezi. Kuna mtawala, na kuna fujo ya watu kupelekwa huku na huku kuandikishwa.

Niliposoma hapo nilimsikia mama yangu. Mimi nikimuuliza nilizaliwa lini, anasema: "Wewe ulizaliwaka wakati ya kuvuna maharagi, ile ya vumbi, mwaka wa tatu kisha volkano." Volkano ni ile ya Januari 2002, Nyiragongo iliposhuka na kupita katikati ya Goma. Mwaka wa tatu ni 2005. Na maharagwe ya vumbi ni yale ya mwezi wa sita, kwa sababu mavuno mengine yanaangukia karibu na Noeli, na wakati huo hakuna vumbi, kuna matope. Kwa hiyo mama ametoa jibu kamili: Juni 2005. Jibu lake lina mantiki kuliko kompyuta. Ila karani hakuuliza swali la pili.

Mwandishi wa Injili na mama wa Masisi wanahesabu sawasawa. Wanahesabu kwa watawala, kwa vita, kwa milima inayowaka, kwa mavuno. Watu wanaohesabu hivyo siyo kwamba hawajui. Wanajua kwa kalenda nyingine.

Na makarani wa Yesu walikuja nyuma sana. Huko mwanzo Wakristo hawakujali siku yake ya kuzaliwa. Walijali kifo na ufufuko, yaani Pasaka. Origen wa Alexandria, mwalimu mkubwa wa Misri katika karne ya tatu, aliwacheka hata wanaosherehekea siku za kuzaliwa, akisema kwamba katika Maandiko wanaofanya karamu ya namna hiyo ni watu kama Farao na Herode. Kabla yake, Clement wa mji huohuo, karibu mwaka 200, anataja watu waliokuwa wanatafuta tarehe, na baadhi yao walifikia mwezi wa tano. Hakuna anayetaja Desemba hapo.

Desemba tunaikuta Roma. Kuna kitabu cha kalenda cha mwaka 354, ndani yake kuna orodha inayosema Kristo alizaliwa Betlehemu ya Yudea tarehe 25 Desemba. Wataalamu wanaona kwamba orodha hiyo inatoka karibu mwaka 336. Kutoka huko sikukuu ikatembea. Mhubiri maarufu Yohane Krisostomo, akiwa Antiokia karibu mwaka 386, aliwaambia waumini kwamba sherehe hiyo haijamaliza hata miaka kumi tangu ifike kwao. Fikirieni, Antiokia, mji ule ambao wafuasi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza, ilikaa zaidi ya miaka mia tatu bila Noeli, na imani haikufa.

Sasa mungu wa jua. Ni kweli kwamba Kaisari Aureliano alimjengea jua hekalu Roma mwaka 274. Ni kweli pia kwamba kitabu kilekile cha 354, kwenye kurasa nyingine, kinaweka tarehe 25 Desemba kuzaliwa kwa "Asiyeshindwa", na mashindano thelathini ya magari ya farasi kwa heshima yake. Kwa Waroma hiyo ndiyo ilikuwa siku ya katikati ya baridi, siku ambayo usiku umefika mwisho wa urefu wake na mwanga unaanza kurudi. Mzee wa video hakutunga hayo.

Lakini alisimama njiani. Kuna maelezo mengine, na chanzo chake ni Afrika. Tertuliano wa Kartago, kule Tunisia ya leo, karibu mwaka 200 alikuwa tayari anasema kwamba Yesu alikufa tarehe 25 Machi. Na watu wa zamani walipenda wazo la kwamba mtu mkubwa huondoka duniani siku ileile aliyoingia. Kuingia hapo maana yake ni kutungwa mimba. Hesabu basi miezi tisa kutoka 25 Machi, unaangukia wapi? Augustino wa Hippo, kule Algeria ya leo, anaiandika hesabu hiyo waziwazi. Na Augustino huyohuyo, katika mahubiri ya Noeli, aliwaonya watu wake wasiisherehekee siku hiyo kwa ajili ya jua, bali kwa ajili yake yeye aliyeliumba jua. Kwa hiyo, ndugu yangu, video yako ilijibiwa miaka 1600 iliyopita, na Mwafrika, bila megabaiti hata moja.

Ni ipi kati ya hizo mbili? Mimi naona zote mbili ziliingia. Mtu akishahesabu tarehe yake halafu akaona jirani anacheza ngoma siku hiyohiyo, hesabu inampendeza zaidi. Sioni aibu hapo. Sikukuu nyingi duniani zimekaa katika nyumba ya mtu mwingine kabla ya kupata yao, na sisi wakimbizi ndio wa mwisho wa kumcheka aliyepanga.

Na mwaka je? Hata mwaka ulikadiriwa. Mwaka 525 kule Roma, mmonaki mmoja aitwaye Dionysius, aliyetoka mbali upande wa Scythia, karibu na Bahari Nyeusi, yaani mgeni kama sisi, alikaa chini na kupanga miaka tangu Kristo. Ndiye tunayemfuata tunaposema 2005 au 2025. Lakini Herode, yule wa Mathayo, wanahistoria wengi wanaweka kifo chake mwaka wa 4 kabla ya Kristo. Na hesabu ya watu ya Kirenio inayojulikana katika historia iko mwaka wa 6 baada ya Kristo. Kwa hiyo kwenye faili la Yesu kuna tofauti ya karibu miaka kumi kati ya shahidi mmoja na mwingine, na kama tukimfuata Mathayo, Kristo alizaliwa kabla ya Kristo. Mtu mwenye faili la namna hiyo akifika mbele ya dirisha leo ataambiwa: rudi Jumatatu na mzazi wako.

Nisiwachoshe na Roma. Nizungumze kidogo juu ya hapa.

Sherehe hii imejaa baridi ambayo sisi hatuna. Mnaona wenyewe Desemba hapa Gisenyi: mahoteli ya ufukweni yanaweka mti wa plastiki kwenye mapokezi na pamba juu yake, eti theluji. Nje mvua za mwisho za msimu zinapiga, mama anayeuza maparachichi Mbugangari amejifunika mfuko. Theluji ya kweli katika eneo letu labda ile inayoonekana mara mojamoja kichwani mwa Karisimbi asubuhi mbingu ikiwa safi, na hata hiyo inayeyuka kabla ya chai. Wazo lile la kwamba usiku umekuwa mrefu mno na sasa mwanga unarudi, huku kwetu halina maana ya macho. Tuko chini ya digrii mbili kutoka ikweta. Jua linatoka karibu saa kumi na mbili na kuzama karibu saa kumi na mbili, iwe Noeli, iwe mwezi wa sita. Hakuna usiku mrefu wa mwaka.

Au niseme upo, lakini haufuati kalenda. Kila mtu hapa anao wake, na anajua ni wa mwezi gani.

Na watu wetu waliipokea Noeli bila baridi yake. Mapadri Weupe walifika Nyundo, pale juu kidogo ya mji, mwaka 1901, na kutoka Nyundo hiyohiyo mwaka 1952 akatoka Aloys Bigirumwami, askofu wa kwanza Mwafrika katika makoloni yote ya Ubelgiji. Miaka hamsini na moja tu! Upande wa pili wa mpaka, mwaka 1974, serikali ya Mobutu iliiondoa Noeli kwenye orodha ya sikukuu za taifa, kwa jina la uhalisi wa Kiafrika. Babu yangu alikuwa anasimulia kwamba mwaka ule misa ya usiku ilisomwa kama kawaida, na asubuhi watu wakaenda kazini wakiwa na usingizi. Ndiyo hivyo tu. Waingereza nao walishapigwa marufuku ya Krismasi na bunge lao wenyewe mwaka 1647, kwa hoja zilezile za video yetu, na watu wakaendelea kupika.

Wala siyo wote wanaoshika tarehe ile. Hapa hapa Rwanda, katika kituo cha Gashora kule Bugesera, wanakopokelewa tangu 2019 watu waliotolewa Libya, kuna Waeritrea na Waethiopia wa Kanisa la Orthodoksi, na Noeli yao ni 7 Januari. Waarmenia wanashika tarehe 6 Januari. Wakopti wa Misri nao 7 Januari, na zaidi ya hapo wana siku nyingine, 1 Juni, ya kukumbuka Familia Takatifu ilipoingia Misri. Nirudie polepole: kuna Wakristo ambao wana sikukuu ya siku wakimbizi walipofika kwao. Siyo siku walipoondoka. Walipofika. Mimi jambo hilo lilinishika moyo kuliko mambo yote niliyosoma wiki hii. Misri haikuuliza mtoto yule ana karatasi gani.

Najua kila Desemba wahubiri wanatuambia "Yesu alikuwa mkimbizi", na ninyi wa mashirika mnaiweka kwenye mabango. Ni kweli, Mathayo anasimulia kukimbia usiku, na Kanisa Katoliki linakumbuka watoto waliouawa Betlehemu tarehe 28 Desemba, siku tatu tu baada ya wali. Lakini neno hilo limekuwa rahisi mno. Linasemwa, tunapigwa picha, gari linaondoka. Mwaka mmoja, kabla sijaja mjini, walikuja wageni na zawadi za watoto. Tulipanga watoto mstari, mvua ikaanza, wageni wakasema picha kwanza halafu zawadi. Mtu wa kofia nyekundu hakuwa amefika bado. Watoto walisubiri mvuani mpaka kofia ikafika. Sitaji nani, hata walioitengeneza ile siku najua walikuwa na moyo mzuri. Nataka tu kusema kwamba Yesu kuwa mkimbizi hakumsaidii mtoto wa leo kama hakuna anayeuliza swali la pili.

Na swali la pili ndilo lililonifanya niandike.

Mimi tulivuka mwisho wa Novemba 2022. Nikaandikwa 1 Januari 2005. Wiki tano baadaye, kwenye karatasi, nilikuwa mtu mzima wa miaka 18. Kwa hesabu ya mama nilikuwa na miaka 17 na miezi kadhaa. Mwezi wa pili yakaja mafunzo ya kompyuta na ushonaji kwa walio chini ya miaka 18. Nilipanga mstari tangu saa kumi na moja asubuhi. Mtu wa orodha akaangalia karatasi, akasema kwa upole kabisa, "Wewe umeshapita." Nikamwambia, "Bado, mama yangu anajua." Akasema, "Mama hayuko kwenye sistemu." Rafiki yangu tuliyecheza naye tangu utoto, mkubwa kwangu kwa msimu mmoja, aliingia, kwa sababu karani wake alimwandikia 2006. Simwonei wivu. Leo ana cherehani yake, na suruali niliyovaa nikiandika haya alinirekebishia bure. Lakini tarehe ni kitu kinachofungua mlango na kuufunga, siyo utani wa mwaka mpya tu.

Wa pili ni mdogo wangu. Anaitwa Noëlla. Haya, mtu anayeitwa Noëlla, katika nchi hizi zetu, unafikiri alizaliwa mwezi gani? Mama anasimulia usiku wenyewe: kanisani walikuwa wanaimba, mkunga alikuwa kwenye kwaya, wakaenda kumtoa. Ilikuwa mwezi mmoja kisha M23 kuingia Goma mara ya kwanza, na hiyo ni Novemba 2012. Yaani usiku wa 24 Desemba 2012. Karatasi yake inasema 1 Januari 2012. Karibu mwaka mzima! Jina lenyewe lilikuwa tarehe, limeandikwa kwa mkono wa karani yuleyule, na hakuliona.

Kwa sasa tatizo lake ni dogo. Mwaka huu alikataliwa kwenye timu ya wasichana wa umri wa chini, akalia siku mbili. Lakini hesabuni mbele. Miaka 18 ndiyo inayomtoa mtu katika orodha ya watoto, na pamoja na orodha hiyo vinaondoka vitu vingi: ulinzi, masomo fulani, msaada fulani, macho ya watu. Karatasi itamtoa huko mwaka mzima kabla ya wakati. Na ninyi mnajua wanaume wanaosubiri wasichana wetu wafikishe umri. Huyo mwaka mmoja mimi siuachi uende hivihivi.

Kwa hiyo, ndugu wa mashirika, siandiki kuwalaumu. Najua foleni za 2022 zilikuwaje, najua karani alikuwa na watu mia nyuma yetu na hajala tangu asubuhi. Naomba kitu kimoja kidogo. Mama akisema "wakati wa maharagwe", msiandike mara moja tarehe 1 Januari. Muulize: maharagwe ya vumbi au ya matope? Kabla ya volkano au kisha? Nani alikuwa anatawala? Mtoto wa nani alizaliwa wiki ileile? Ni dakika mbili. Mtu wa hapa, anayejua misimu na vita vyetu, akae karibu na kompyuta na kutafsiri kalenda ya mama. Luka angefaa sana kazi hiyo.

Na ninyi vijana: kusahihisha kunawezekana, ila hakuna atakayekuja kukuamsha. Tafuta kadi ya ubatizo kama ilivuka nanyi. Tafuta karatasi ya chanjo, cheti cha shule, mtu mzima aliyekuwepo. Peleka mapema, kabla hujafikia umri unaokuhusu, kwa sababu baada ya hapo kila mtu atadhani unatafuta faida. Mimi nilichelewa. Ya Noëlla tumeianza: mama amepata mkunga wa kwaya kwa simu, yuko hai, na anakumbuka mpaka wimbo uliokuwa unaimbwa walipokuja kumtoa.

Mtaniuliza, kama unapigania tarehe ya kweli ya mdogo wako, mbona unamtetea Yesu na tarehe ya kupewa? Swali zuri, nililijiuliza mwenyewe. Jibu langu ni kwamba tarehe ya Yesu haimnyimi mtu kitu. Waliompa walitaka kumwekea meza, na kila mwaka meza ile inaongezwa viti. Yangu niliwekewa ili mashine iendelee kwa mtu wa nyuma yangu. Siku ikiwekwa kwa kupenda, naila. Siku ikiwekwa kwa haraka, naomba irekebishwe. Na asiyetaka kusherehekea, kama wenzetu Mashahidi wa Yehova, ana haki yake kamili, tusimtukane kwenye kikundi. Neno "mpinga Kristo" lifutwe. Admini, tafadhali.

Basi mpango, kama hamna pingamizi. Mchango unabaki elfu moja. Tarehe 25, saa nane, ufukweni pale pa wazi tunapokaaga, siyo kwenye hoteli. Kila mtu aje na sahani yake, na aje na jambo moja alilouliza nyumbani: nilizaliwa lini, kwa maneno ya mama, shangazi au bibi, kama walivyolisema, bila kuligeuza kuwa tarehe. Mvua ilikuwa inanyesha? Mlikuwa mnakimbia? Nani alishika taa? Tutasimuliana tukila, na yule mwenye mwandiko mzuri ataandika yote kwenye daftari. Labda siku moja daftari lile litasaidia mtu mbele ya dirisha.

Najua wako wenzetu ambao hawana wa kumuuliza. Nimewafikiria kabla ya kuandika, na nimeongea na wawili. Kwao tutafanya kama Roma ilivyofanya: watachagua siku, na sisi tutaishika. Mmoja ameshachagua tayari. Amechagua 1 Juni, ile ya Wakopti.

Ndugu wa video amenijibu jana usiku, pembeni, siyo kwenye kikundi. Ameandika: "Nimeuliza mama. Amesema ni mwezi wa tatu, siku walichoma nyumba ya jirani. Sikujuaka." Kisha akakaa kimya muda mrefu, nikaona anaandika, anafuta, anaandika. Mwisho akatuma: "Nitakuja. Lakini mimi nitakula sambaza tu. Ule wali wa jua muubakize."

Elfu moja ameshatuma.